Vichwa Tulivyowarushia Mbwa

Ng'ombe wetu waliisha mwaka 2009. Kwa mtu wa Longido, Monduli au Ngorongoro sina haja ya kuongeza neno. Mvua ziligoma, malisho yakakauka hadi mizizi, mizoga ikalala kando ya barabara ya Namanga na fisi wakashiba wakaisusa. Mume wangu alihama na mifugo kutafuta nyasi, akarudi na fimbo yake na ng'ombe wa kuhesabika kwa vidole. Baada ya miaka michache naye akaugua, akatutoka. Nikabaki na watoto, mama mkwe ambaye macho yalishakwisha, na kondoo.

Watu wakisikia Mmasai hufikiria ng'ombe, na ni kweli ng'ombe ndiye anayeimbwa. Lakini nyumba ya mwanamke inaendeshwa na kondoo na mbuzi. Mama akijifungua huchinjiwa kondoo, mafuta yakayeyushwa, akanyweshwa hadi nguvu zimrudie. Daftari, sare, nauli ya hospitali, mchango wa harusi ya jirani, kila kimoja ni kondoo anayeswagwa kwenda mnadani. Na mtu akikupa kondoo kwa moyo wake, tangu siku hiyo hamwitani tena kwa majina. Yeye kwako ni Pakerr, nawe kwake ni Pakerr. Mimi ninaye Pakerr wangu, tuliokota kuni pamoja tangu utoto. Baada ya msiba aliniletea majike wenye mimba, wekundu, wa damu yetu ya asili, akasema tu, "Pakerr, anza tena." Kundi langu la sasa limetokana na hao.

Kondoo mwekundu wa Kimasai anasifika hata kwa watafiti, kwa sababu anastahimili minyoo ya tumboni inayowamaliza kondoo wa kigeni kama Dorper. Nami nilikuwa nikijivunia hilo mbele ya jirani zangu waliokimbilia Dorper kwa sababu ya unene wake. Ndiyo maana siku nilipoambiwa kwamba kinachoniulia kondoo ni mnyoo, nilimcheka aliyeniambia.

Kabla sijafika kwake, niseme ormilo, ugonjwa wenyewe, inavyokuja. Minadani utasikia ikiitwa kizunguzungu. Haiji kwa kishindo. Kundi linateremka lambo, na kuna mmoja, mara nyingi mdogo ambaye hajazaa, anabaki nyuma. Kichwa amekiinamisha upande. Layoni, mvulana mchungaji, anamrudisha kwa fimbo, anakwenda kidogo, anapinda tena upande uleule. Wiki inayofuata haendi mbele kabisa, anazunguka mahali pamoja mpaka vumbi linachora duara chini yake. Halafu jicho moja linapoteza mwanga. Unapitisha mkono mbele yake wala hapepesi. Usiku unamkuta amegandamiza paji la uso kwenye miiba ya zizi, anasukuma kana kwamba upande wa pili kuna njia. Ukimsogezea nyasi mdomoni anakula. Hilo ndilo linaloumiza. Hana homa, mdomo unataka chakula, lakini miguu haimfikishi penye chakula, hivyo anakonda akiwa na njaa yake nzima. Wengine ugonjwa huanzia miguu ya nyuma, wakaburura kiuno kama waliovunjika, ingawa hawakuanguka popote.

Nilifanya kila jambo ambalo mfugaji wa kwetu hufanya. Nilikwenda duka la dawa za mifugo, nikaeleza, nikauziwa OTC, antibiotiki ya sindano. Nilichoma sindano, nikasubiri, nikachoma tena. Sitaki kuisema vibaya dawa hiyo, kwa maana kondoo mwenye maji moyo naye huweza kuzunguka na kutikisika, na OTC ikiwahi inamwokoa. Ila maji moyo huletwa na kupe, huja na homa kali, na huua kwa siku chache. Ormilo inakaa na kondoo wako miezi. Nilipoambiwa labda ni mabuu ya nzi yaliyoingia puani, nilinunua sindano ya mabuu. Kuna mzee aliyekuja na chuma cha moto akamchoma jike mmoja juu ya fuvu. Yule alizunguka siku mbili akiwa na kidonda, kisha tukamchinja.

Kwetu ulikuwepo usemi kwamba dawa ya ormilo ni kisu. Ukiona dalili, mchinje angali na nyama, au mpeleke kwa mchinjaji kabla hajabaki ngozi. Wachinjaji wanajua. Anamtazama kondoo anavyoinamisha kichwa, anatabasamu, anakutajia shilingi 15,000 kwa mnyama ambaye mwezi uliopita ungemkatalia 90,000. Unapokea. Mwanangu wa kwanza alikuwa bweni, na mkuu wa bweni hakubali kulipwa kwa maelezo.

Hasara ya kondoo peke yake ningeibeba. Kilichonikalia kooni ni maneno. Mwanamke mjane mwenye kundi linalozunguka haachwi hivihivi. Shemeji yangu alianza kusema taratibu, kisha kwa sauti, kwamba kondoo wa nyumba yangu wana laana, kwamba walitolewa kwa jicho baya. Hapo alikuwa akimlenga Pakerr. Suluhisho lake lilikuwa tayari: kundi lihamie zizini kwake, alisimamie yeye. Nilimsikiliza nikiwa nimeshika tama. Nilijua likishavuka mlango wake halitarudi, na nilijua pia kwamba kondoo wake mwenyewe walikuwa wakizunguka, ila yeye alikuwa nao wengi na wafu wake hawakuhesabiwa na mtu.

Basi, aliyenifungua macho alikuja kwa shughuli nyingine. Tangu sotoka ya mbuzi na kondoo ilipothibitishwa huku kaskazini mwaka 2008, timu za chanjo hupita. Mwaka mmoja alikuja daktari wa mifugo kijana, mpole, mwenye kofia iliyochanika. Akiwa anachanja aliona jike wangu mmoja anazunguka pembeni mwa zizi. Akauliza, "Yeyo, huyu ana muda gani hivi?" Nikamwambia tangu mvua zilipokatika. Akauliza tutamfanya nini. Nikamwambia kesho tunamchinja. Akaomba aje kesho yake na mapema.

Alikuja kweli. Tulipomaliza kuchuna alitaka kichwa. Akakiweka juu ya jiwe, akaomba shoka, akapasua fuvu kwa uangalifu kama mtu asiyetaka kumwaga kitu. Mfupa wa upande wa kushoto ulikuwa mwembamba, shoka halikuhitaji nguvu. Ndani, mahali ambapo ubongo ulipaswa kujaa, palikuwa na mfuko wa maji unaokaribia ukubwa wa yai la kuku. Ngozi yake laini, angavu, ungeweza kuona kidole upande wa pili. Maji yake safi kuliko ya lambo letu. Akaugeuza kwenye mwanga, akatuonyesha ukutani kwa ndani: vidoa vyeupe vingi, vimeshikamana kwa mafungu, kama chenga za mchele. Watoto wakasogea. "Kila kimoja hapa," akasema, "ni kichwa cha mnyoo kinachosubiri kuingia tumboni mwa mbwa."

Hapo ndipo nilipocheka.

Mbwa wetu, wale wanaolinda zizi dhidi ya fisi na chui, walikuwa wamekaa wanasubiri hatua chache kutoka pale. Walikuwa na sababu ya kusubiri. Nyama ya kondoo wa ormilo tunaila, haina ubaya ikiiva. Kichwa chake ndicho tusichokitaka. Nani ale ubongo uliojaa maji? Kwa hiyo cha kondoo mzima tunakipika supu, na cha mgonjwa tunawarushia mbwa. Hivyo ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya. Daktari akamtazama mbwa mkubwa, akanitazama mimi, akakiweka kile kichwa kwenye mfuko wa plastiki na kukaa juu yake. Alikaa juu yake muda wote aliokuwa akieleza.

Alichoeleza nimeshakirudia mara nyingi kwa watu mpaka nimekuwa na maneno yangu. Mbwa akila ule mfuko, vile vidoa vinajishikiza kwenye utumbo wake na kukua kuwa tegu. Inachukua kama wiki 6. Mbwa haonekani mgonjwa, anabweka na kulinda kama kawaida, lakini mavi yake yanatoka na mayai yasiyoonekana kwa macho. Mayai yanakaa kwenye majani. Penye ubichi na ubaridi yanaweza kudumu miezi. Jua kali likiyapiga hufa haraka zaidi. Kondoo akila majani hayo, yai linapasuka tumboni, kijidudu kinatoboa utumbo, kinaingia kwenye damu, na kinachosalimika ni kile kilichofika kwenye ubongo au uti wa mgongo. Wanakondoo wadogo wakimeza mayai mengi kwa mpigo hufa mapema, vijidudu vikiwa bado vinatembea kichwani, na sisi tunasema homa. Wengine wanakaa miezi mfuko ukikua polepole, mpaka siku unayomwona amebaki nyuma.

Kisha akaniuliza wanakondoo wangu wanalishwa wapi. Nikamwonyesha olopololi, eneo tunalolihifadhi karibu na boma kwa ajili ya ndama, wanakondoo na wagonjwa. Hakusema kitu, akaangalia tu mavi ya mbwa yaliyotapakaa pale. Tulikuwa tumewatengea watoto wa kundi malisho bora kuliko yote, na ni hapohapo mbwa walipokuwa wakienda haja.

Baadaye nimejifunza kwamba njia hii ya mbwa na kondoo ilithibitishwa Ulaya katika miaka ya 1850. Daktari mmoja Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, aliwalisha mbwa mifuko iliyotolewa kwenye vichwa vya kondoo, akapata tegu. Miaka zaidi ya 150. Katika muda huo sisi tumechanjwa, tumeogeshewa mifugo kwenye majosho, tumehesabiwa na kuhamishwa, semina tumehudhuria mpaka viti vimetuchosha. Habari ya kichwa cha kondoo na mbwa haikuwahi kutajwa mbele yangu. Sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo nimeamua kuisema mwenyewe.

Nilimuuliza kama kuna dawa ya aliyekwisha anza kuzunguka. Akasema dawa za minyoo tunazonywesha kondoo hazifai kitu mfuko ukishakuwa mkubwa, lakini wapo wanaopasuliwa. Pakerr, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Kondoo apasuliwe kichwa?" Kwa sauti ile ungedhani ametukanwa.

Alirudi na mwenzake na sanduku. Nilikuwa na majike wawili wanaozunguka, nikawatoa wote, maana hata hivyo walikuwa wa kisu. Walitandika turubai chini ya mgunga. Wa kwanza alikuwa anazungukia kushoto na jicho lake la kulia halioni, hivyo wakasema mfuko uko kushoto. Daktari akapapasa fuvu kwa kidole gumba, polepole, mpaka akafika mahali akanishika mkono akauweka pale. Nikabonyeza. Mfupa ulibonyea. Nimeshika vichwa vya kondoo maisha yangu yote na sikuwahi kubonyeza hapo.

Wakanyoa kwa wembe, wakapaka dawa ya kahawia, wakachoma ganzi. Ngozi ikakatwa na kuinuliwa pembeni. Walikuja na kitobozi cha mkono, na kwa mfupa ulivyokuwa umelika hawakukihitaji sana. Chini yake palikuwa na utando unaopanda na kushuka kwa pumzi. Sindano ikaingia, maji yakaanza kupanda kwenye bomba, bomba la kwanza likajaa, wakabadilisha, la pili. Kisha kwa koleo ndogo akaunasa ule mfuko uliosinyaa na kuanza kuuvuta kwa kuzungusha, kidogo kidogo, mwenzake akiwa ameinamisha kichwa cha kondoo ili utoke kwa uzito wake. Hakuna aliyeongea. Layoni wawili waliokuwa wanacheka mwanzoni walikuwa wamekaa chini. Mfuko ukatoka mzima, ukaingia kwenye chupa. Ngozi ikashonwa, akachomwa dawa ya maumivu na ya kuzuia usaha.

Jioni ile alisimama. Alizunguka zunguka siku chache, mizunguko mikubwa mikubwa ya mtu anayetafuta kitu, kisha akaacha. Jicho lilimrudia nusu. Amezaa tangu hapo, na watoto wanamwita Hospitali.

Wa pili alifia pale pale kwenye turubai. Mfuko wake ulikuwa chini kabisa, nao haukuwa mmoja. Nataja hilo kwa sababu habari za Hospitali zimesambaa na watu hunifuata wakidhani kila kondoo anayezunguka sasa anapona. Upasuaji unahitaji daktari, na daktari anahitaji mafuta ya pikipiki, na hesabu yake mara nyingi inampita kondoo mwenyewe. Daktari aliniambia hivyo bila kunificha. "Mama, nikikaa nafungua vichwa mpaka nizeeke sitavimaliza. Shughulika na mbwa."

Kushughulika na mbwa wa boma. Asiyewajua atadhani ni jambo jepesi. Mbwa wetu hawafungwi kamba, hawaitiki, hawana mwenye kuwapikia. Wanakula maziwa yaliyochacha, makombo na kile kinachotupwa wakati wa kuchinja. Na hawatambui mpaka wa boma: nikisafisha wangu watatu huku wa shemeji wanapita usiku, nimefanya kazi ya bure. Ilibidi wote tukubali, na wote maana yake ni wanaume.

Nilianza na wanawake wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kwa sababu hapo ndipo penye pesa ndogo ndogo. Tulikubaliana kila wiki tuweke kidogo pembeni kwa ajili ya vidonge vya mbwa. Wengine waligoma wazi. Mmoja alisema hajawahi kumnunulia dawa mama yake mzazi, amnunulie mbwa? Tulicheka sote, lakini hakuchanga, na wala sikumlaumu. Halafu nikaenda kwa laigwanani, kiongozi wetu wa mila, na kile kichupa chenye mfuko ndani, nilichoachiwa na daktari. Mzee alikigeuzageuza kwenye jua kwa muda mrefu. Aliuliza swali moja tu: je, wale kondoo waliokufa kwa ndugu wa marehemu mume wangu, nao walikuwa na hiki? Nikajibu kwamba sikufungua vichwa vyao, ila vipo vingine kwake vinazunguka, vinaweza kufunguliwa mbele ya watu. Kikafunguliwa kimoja. Maji yaleyale, chenga zilezile. Kuanzia siku hiyo sikusikia tena neno laana kutoka kwa shemeji, ingawa hakuwahi kusema lolote la kulifuta.

Wanaume walikuwa na hoja nzito. Mbwa asipokula kichwa atakula nini, na asiyekula atalinda nini? Na kule olpul, ambako morani hukaa porini wakila nyama kwa siku nyingi, nani atakayebeba vichwa? Tulipofikia ni hapa: kichwa hakiendi kwa mbwa kibichi. Ama kinachemshwa mpaka kiive kabisa, hapo mbwa ale apendavyo, ama kinachomwa mpaka kiwe majivu, ama kinatupwa kwenye shimo refu na kufunikwa mawe na miiba, kwa kuwa mbwa anajua kuchimba. Kondoo akifia malishoni, layoni arudi na kichwa kwenye gunia. Walilalamika kwamba wanageuzwa wabeba mizoga. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa ameongea kikao kizima, akawauliza kama kumbeba kondoo aliye hai anayeshindwa kutembea ni kwepesi zaidi. Swali hilo lilisaidia kuliko hotuba zangu zote.

Maini na mapafu nayo tuliyaingiza humo. Daktari alisema kuna tegu mwingine wa mbwa, mdogo sana, ambaye mifuko yake hukua kwenye maini na mapafu, tena ya binadamu, na watu wa Turkana kule kaskazini mwa Kenya wameteswa naye kwa muda mrefu. Wa ormilo humpata mtu mara chache mno, lakini huweza. Mtoto anayecheza na mbwa kisha akala bila kunawa anaweza kumeza mayai ya wote wawili. Nilipolisema hilo kwenye kikao, akina mama waliokuwa wamegoma kuchanga walinyamaza, na wiki iliyofuata wakachanga.

Siku ya kwanza ya vidonge tuliipanga na siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, maana watoto walikuwa tayari wamewaburuza mbwa mpaka chini ya mti. Prazikwanteli inatolewa kwa uzito, kidonge cha miligramu 50 kwa mbwa wa kilo 10, na hakuna aliyejua uzito wa mbwa wake. Mwenye duka akatoa mzani wake wa kuning'iniza magunia ya mahindi. Mbwa mmoja mmoja akatumbukizwa guniani, akaning'inizwa akibweka, namba ikasomwa kwa sauti na watu wakashangilia wazito kama mnadani. Kidonge tulikificha kwenye donge la mafuta ya kondoo. Kisha wakafungwa kamba siku mbili ili mavi yao yasitapakae, yakakusanywa na kuchomwa. Hatukulala. Mbwa ambaye hajawahi kufungwa analia usiku kucha, na fisi walisikia kwamba walinzi wako kifungoni. Wanaume walikesha na moto, wakanitazama kwa jicho ambalo sitaki kulieleza.

Dawa hiyo inarudiwa kila baada ya wiki 6 hadi 8, kwa sababu mbwa aliyesafishwa leo akila kichwa kesho anaanza upya. Hapo ndipo wengi huchoka.

Na kipindi kigumu kuliko vyote kilikuja baada ya kufanya kila kitu sawasawa. Daktari alikuwa amenionya: kondoo waliokwisha meza mayai wataendelea kuzunguka kwa miezi, hata mbwa wawe safi vipi. Nilielewa kwa akili. Lakini kiangazi kile kondoo walizunguka kama zamani, kwangu na kwa majirani, na watu hawakumbuki onyo, wanakumbuka pesa waliyochanga. Nyumba kadhaa zilijitoa. Vichwa vikaanza tena kuonekana nyuma ya maboma. Nilikuwa napita asubuhi na gunia nikiviokota, watu wakiniona, na mtoto wangu wa pili akaniomba nisipite njia ya shuleni. Niliuza mbuzi kununua vidonge vya nyumba zilizojitoa. Pakerr aliuza wa kwake. Hatukuwa na uhakika. Tulikuwa na kile kichupa dirishani na neno la kijana mmoja mwenye kofia iliyochanika.

Waliozaliwa mvua za mwaka uliofuata ndio waliotujibu. Niliwachunga mwenyewe, nikiwatazama walivyoteremka lambo, kila anayesimama kujikuna moyo ukinipasuka. Wakamaliza kiangazi. Alizunguka mmoja, baadaye mwingine kwa jirani. Kwa mtu wa nje wawili ni wengi. Kwetu, ambao tulizoea kuwapeleka kwa mchinjaji kila mwezi, ilikuwa mara ya kwanza mwanangu kulipiwa bweni kwa kondoo mzima anayetembea wima, kwa bei ya kondoo mzima. Nyumba zilizojitoa zilirudi zenyewe, bila kuitwa kikao.

Ormilo haijaisha. Kiangazi maboma ya mbali huhamia kwetu na mbwa wao, na bweha naye anaweza kumbeba tegu huyu, na bweha hapandi mzani. Lakini tatizo letu kubwa sasa ni pale mnadani, kwenye banda la kuchinjia. Kondoo wote wanaozunguka wa tarafa nzima huishia hapo kwa bei ya kutupa, na mbwa wa kila kijiji wanajua siku ya mnada kuliko sisi. Shimo limechimbwa nusu. Saruji imeahidiwa. Kwa sasa mimi na Pakerr tunakwenda na magunia kabla jua halijawa kali. Mchinjaji mmoja anatuachia vichwa vya wagonjwa bure. Mwenzake amegundua kwamba tunavitaka, ameanza kutuuzia shilingi 500 kila kimoja, na wiki iliyopita alijaribu kutuchanganyia vya kondoo wazima. Pakerr anavibonyeza kwa kidole gumba kabla ya kulipa.